Sauti Iliyomfikia

Niliolewa kutoka Ngao nikaja kuishi Garsen, nyumba ya pili kutoka ukuta wa mtambo wa umeme. Ulikuwa mtambo wa dizeli, mkongwe, uliojengwa wakati mji ungali maduka machache, kisha nyumba zikauzunguka. Masizi yake yalitua kwenye nguo nilizoanika na kwenye sufuria nilizosahau kufunika. Wageni walilalamika kwamba ngurumo inawaumiza vichwa. Sisi wa mtaa tuliisikia pale tu ilipokatika.

Mume wangu alikuwa fundi wa injini humo. Miaka ya mwanzo akirudi alivua viatu mlangoni na kuniuliza habari za shamba, maana nilikuwa bado nalima kipande cha mpunga cha baba mkwe kando ya mto. Nikimsimulia jinsi nyani walivyoingia kwenye mahindi ya jirani, alicheka mpaka akashika mbavu. Baadaye kicheko kikapungua. Nikimsemesha akiwa amenipa mgongo, hajibu. Nikimweleza jambo refu wakati wa kula, anatikisa kichwa na kusema ni sawa, hata kama nimemuuliza swali. Jioni moja nilimwambia mtoto wetu mdogo ana homa. Akasema ni sawa, akaendelea kuchambua miiba ya samaki. Nililia jikoni.

Jirani mmoja, tukiwa bombani kuchota maji, ndiye aliyeniambia kwamba mume wangu ni mcheshi sana kule langoni kwa mama wa chai. Alilisema kwa upole, kama mtu anayekuondolea uchafu begani, lakini alinitazama usoni aone linaingiaje.

Mama wa chai nilimfahamu kwa sura. Alikuwa Muorma, mjane, ng'ombe wake waliisha kwa ukame, naye akaja mjini kuuza chai na mahamri chini ya kibanda cha gunia mbele ya lango la mtambo. Hakuwa mzuri kunishinda. Hilo lilinichoma zaidi, kwa sababu kama si uzuri, basi ni kitu nisichokijua.

Nikaanza kunusa mashati ya mume wangu kabla ya kuyafua. Yalinuka dizeli tu, na bado niliyanusa. Nilitia iliki na maziwa mengi kwenye chai ya asubuhi. Akainywa kama maji. Nilisukwa nywele, nikavaa leso mpya, akasema nimependeza, kisha akanyamaza. Nilijua kwamba maneno anayo, ila anayapeleka kwingine.

Mchana mmoja nikabeba chakula chake kwenye hotpoti, nikaenda langoni bila kumwambia. Niliwaona kabla hawajaniona. Amekaa kwenye benchi, magoti yake karibu yaguse meko, na yule mama amemwinamia akimweleza kitu kwa mikono yote miwili. Mume wangu akatupa kichwa nyuma akacheka. Kicheko kilekile cha nyani na mahindi.

Aliponiona alifurahi, akapokea hotpoti, na papo hapo mwenzake akatokea langoni akimpungia mkono arudi ndani. Nikabaki na yule mama. Akanimiminia chai bila kuniuliza. Nilikuwa nimejiandalia maneno makali, lakini yeye ndiye aliyeanza.

"Dada, huyu mzee wako, mmempeleka hospitali?"

Nikamuuliza hospitali ya nini.

"Masikio. Yeye hasikii vizuri. Mimi naona tangu zamani." Akanitazama, kikombe mkononi. "Wewe hujui?"

Niliinywa chai yake ingali moto, ikaniunguza ulimi, nikaenda zangu.

Jioni nilisimama nyuma ya mume wangu akinawa miguu uani. Nikamwita kwa jina lake, si baba watoto kama siku zote. Akaendelea kunawa. Nikaita tena kwa nguvu zaidi. Kisha nikazunguka mbele yake, akanitabasamia. Nikakaa chini kwenye matope ya maji yake ya kunawa, nikamuuliza nikitamka neno mojamoja, tangu lini.

"Sauti yako ndiyo iliyotangulia kupotea," akasema. "Za wanaume bado nazipata. Na ya yule mama wa chai, kwa sababu ni nzito."

Alikuwa amepewa vya kuziba masikio kazini, lakini alivivaa shingoni, kwa kuwa fundi asiyeisikia injini hajui inaumwa wapi. Nyumbani aliona aibu, akachagua kutikisa kichwa.

Watu wakisikia kisa hiki hudhani wivu uliniisha siku hiyo. Ulizidi. Mimi ndiye niliyeimba sauti ya kwanza, ile nyembamba, katika kwaya ya kanisani, na ni kwa ajili ya sauti hiyo alianza kuja Ngao kila Jumapili. Sasa haimfiki, na ya mwanamke aliyezoea kuita ng'ombe malishoni inamfika. Naye alijua kabla yangu. Angekuwa hawara ningepigana naye. Kwa hili ningepigania nini?

Hospitali walimpima wakasema kilichokwenda hakirudi. Nikajifunza kukaa mbele yake na kusema kwa sauti nzito ya kifuani, kwa nguvu. Umeme wa gridi ulipofika, mtambo ukazimwa, malori yakachukua injini, na mtaa ukawa kimya kiasi kwamba majirani walidhani tunagombana kila tunapozungumza.

Mama wa chai alihamia stendi ya mabasi. Mume wangu huenda huko kila asubuhi, na mara nyingine mimi humfuata. Yule mama hunipisha benchini kwa heshima na kunimiminia wa kwanza. Juzi tulikuwa hapo, basi la Malindi likiunguruma kuondoka, akamwambia mume wangu neno, naye akacheka papo hapo. Mimi sikulisikia. Nikamwomba yule mama alirudie. Akasema si kitu, ni mzaha tu wa ngamia. Mume wangu alikuwa bado anafuta machozi ya kicheko, nami nikageuza kikombe changu mkononi nikisubiri amalize.