Lumo Mbili za Zihindula

Zihindula wa Bukavu alikuwa fundi redio kabla hajawa mkimbizi. Hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka akajigeuza daktari wa gari la aina moja tu: Lumo, kigari cha umeme. Shirika fulani la mjini, City Centre, lilileta vinne mwaka 2012, likavipiga mnada lilipofunga virago. Lumo yoyote iliyougua ililetwa kwake. Aliponya moja kwa kung'oa vyuma vya nyingine, akajisifu sana, mpaka siku alipogundua kwamba tiba yake imeua tatu.

Iliyobaki ilikuwa yake. Ilishiba jua kwenye paneli, ikapeleka mikate ya mkewe Cécile sokoni Lumbadzi. Lakini betri ilikuwa inakata roho, na bila betri Zihindula angerudi kusukuma baiskeli, tena kwa magoti yake yale mabovu!

Mwaka 2017 kampuni iliyounda Lumo ikamtuma Madame Louise, Mkongo mwenzao wa Lubumbashi, kuhesabu Lumo zilizobaki barabarani. Nchi yenye mbili ingepata betri mpya. Yenye moja, pole yake.

Zihindula akakuna kichwa. Uani lilikuwapo gamba la Lumo nyingine, tupu ndani kama boga lililokombwa. Na gari la umeme halina mlio. Likisukumwa kimyakimya, nani atajua? Akaiita kwaya ya akina mama, inayoongozwa na Cécile.

"Bamama, mutasukuma kwa nyuma, mu vumbi. Lakini musiimbe! Hata kidogo."

"Tumesikia, papa."

Lumo ya kwanza ikapita vizuri, Louise akaandika. Ya pili ikaja, Zihindula kashika usukani, uso mkavu. Bahati mbaya, kwaya ile haijawahi kusogeza kitu bila kuimba: si jeneza, si gunia la mahindi, si jiwe la msingi la kanisa. Walivumilia hatua ishirini. Penye mwinuko, sauti ya kwanza ikamponyoka Cécile mwenyewe, na sauti ya pili ikamfuata, maana mwenzako hawezi kuachwa peke yake kwenye wimbo.

Louise akazunguka nyuma. Akina mama kumi na wawili, sare za kwaya, mikono kwenye bati, wanamsifu Bwana. Alicheka mpaka akaketi chini.

"Karatasi inauliza kama inatembea. Imetembea. Niandike mbili?"

Zihindula alitamani kusema ndiyo. Lakini fundi gani atakubali maiti iandikwe hai? Aliona aibu ya kweli.

"Hapana, Madame. Iko moja tu. Hii ingine niliiua mi mwenyewe, nikitafutia ile dawa."

Louise akaandika moja. Zihindula akaanza kuiaga betri moyoni.

"Jina yako kamili njo nani?"

"Ya nini tena?"

"Hapa chini wanauliza fundi. Kila nchi nilipita, hapa pako peupe. Gari moja haiwezi pata betri. Fundi anapata mbili, za kujaribia."

Miaka kumi na mitano jina la Zihindula lilikaa kwenye orodha za unga, sabuni na mahema. Hakuna orodha iliyowahi kumuuliza anajua nini. Akalitaja herufi kwa herufi, machozi yakimtoka bila kuyaficha, kisha akamwomba Louise alisome kwa sauti, akina mama wasikie.