Maboga ya Ng'ambo ya Mto

Walimwita Mama Mvuke, kwa kuwa kila aliyechungulia jiko la hospitali alimwona nusunusu, uso ukielea juu ya masufuria kama wa mtu anayeota. Na kweli alikuwa akiota. Miaka nenda miaka rudi alipika mboga za mifuko zilizoletwa na lori kutoka mbali, vipande visivyo na harufu wala kwao, huku akili yake ikizurura ng'ambo ya mto, kwenye shamba alilolelewa, ambalo sasa lililimwa na dada yake.

Jumapili moja alikwenda kumwona. Akamkuta kibarazani, maboga yamelala ua mzima, mengine yameshaanza kulainika.

"Chukua utakayo, mdogo wangu. Sokoni hayana wa kuyauliza. Msimu ujao silimi tena, nahamia kwa mwanangu."

Mama Mvuke alihisi ardhi ikimponyoka. Alirudi mjini na boga moja kichwani, jingine kwapani, na asubuhi akayapika bila kumwomba mtu ruhusa. Harufu ikamtangulia koridoni, tamu, nzito, ikaingia wodi ya wanaume. Humo alilala fundi saa mmoja mzee aliyesusa chakula tangu alazwe.

"Nani kafungua dirisha la kwetu?" aliuliza, macho kafumba.

"Ni boga tu, babu."

"Lete basi, mwanangu, unangoja nini?"

Bwana stoo, mwenye dhamana ya vyakula vyote, akaja juu. "Nani kakutuma? Wakubwa wakijua, nitakaangwa mimi!"

"Onja kwanza, ndipo unikaange mimi."

Akaonja. Akakomba sahani.

"Dada yako anayo mengine?"

"Ua mzima. Na majirani zake wana viazi na mchicha."

Wakubwa walivutana sana, na mifuko haikutoweka yote. Lakini asubuhi zikaanza kuja baiskeli na mikokoteni kutoka ng'ambo, majani bado yana umande, na habari ya kuhama ikafa kimyakimya.

Siku moja dada mtu alileta mzigo mwenyewe, akaomba aingie wodini. Akakaa kwenye benchi akiwatazama watu asiowajua wakila, vijiko vikipanda na kushuka taratibu, mpaka mdogo wake akaja kumgusa bega.

"Dada, nimekuita weee! Hukusikia?"

"Nimesikia," alisema, bila kugeuka. "Ngoja kidogo. Yule wa pembeni hajamaliza."