Tundu la Mlangoni

Saa kumi na mbili asubuhi, Mama Ghala anagonga bati la mlango mara tatu kabla ya kutia ufunguo. "Hiyo ni hodi ya paka," anasema. "Nikiingia kimyakimya tunashtuana, na mimi moyo wangu si wa kushtuliwa tena."

Ndani, magunia ya mahindi yamepangwa karibu yaguse dari. Juu ya mzani amekaa paka jike wa kijivu, sikio moja limechanika. Wapagazi wanamwita Karani, maana habanduki kwenye mzani. Mama Ghala, mwenye miaka sitini na minne, leo hamsalimii. Anainama, anapapasa magunia ya chini moja baada ya jingine, akitafuta lililotobolewa.

Kazi hii ya kufungua na kufagia ghala ameifanya miaka thelathini na moja. Alianza na mumewe, fundi wa humu humu ghalani. Marehemu ndiye aliyekata kwa msumeno lile tundu chini ya mlango, siku alipomkuta paka wa mtaani analia nje na panya wanacheza ndani. "Nilimwambia, we mzee, unaharibu mlango wa watu. Akacheka. Akasema anamfungulia mfanyakazi mwenzetu."

Siku hizo, anakumbuka, panya walikuwa wajinga. Walikatiza sakafuni mchana kweupe. "Hao wote waliliwa. Wakabaki waoga, wakazaa waoga wenzao. Na paka mzito naye akakosa riziki, wakabaki paka wepesi. Panya wa leo hata umsikilizeje, humsikii."

Mjukuu wake anayesomea mambo ya viumbe alimweleza kuwa paka walikuja kwa binadamu hivyo hivyo tangu kale. Hakuna aliyewaita. Panya walifuata nafaka, paka wakafuata panya. "Nikamwambia, mjukuu wangu, wewe umeyasoma, mimi nimeyafagia."

Kosa lilikuwa la Mama Ghala mwenyewe. Karani alipozaa mwezi uliopita, alimwonea huruma, akawa anamletea maziwa kila siku. Paka akashiba, akalala. Magunia tisa yakatobolewa. Meneja mpya akaja na sumu ya panya na kipande cha mbao cha kuziba tundu.

"Mama, paka wako amestaafu," alimwambia.

"Hajastaafu, baba. Mimi ndiye niliyemharibu. Ukiweka sumu, panya atakufa, na atakayemla panya atakufa. Nipe mpaka Ijumaa."

Maziwa yakakoma. Karani alilia siku mbili, Mama Ghala akajitia kiziwi huku roho inamuuma. Siku ya tatu alikuta mkia wa panya juu ya mzani.

Leo ni Ijumaa. Anamaliza gunia la mwisho, ananyooka akishika kiuno. Hakuna tundu jipya. Meneja anakagua mwenyewe, kisha anaifungia sumu kabatini. "Hii mbao itatufaa kwenye rafu," anasema, kana kwamba aliinunua kwa ajili hiyo.

Mwakani Mama Ghala anastaafu. Atamwachia ghala mtoto mmoja wa Karani, na Karani mwenyewe ataondoka pamoja na Mama Ghala.

"Maziwa atayakuta nyumbani, tukiwa vikongwe wawili tusio na kazi," anasema, akimsukuma paka ashuke mzanini. "Hapa kila mtu anakula jasho lake."