Marobota ya Shangazi

Wateja wa mama walikuja dukani kushika. Walivuta kitambaa cha dera kutoka kwenye rafu, wakakisugua kati ya vidole, wakakipeleka mlangoni kukitazama kwenye jua la Garissa, wakauliza bei, wakasifu. Kisha wakakirudisha, wakavuka barabara hadi kwenye kibanda cha taar na kuagiza kitambaa kile kile kutoka ng'ambo ya mpaka.

Taar ndivyo tulivyoiita redio ya mawasiliano, yenye waya mrefu uliofungwa juu ya mgunga. Miaka ile ya tisini simu zilikuwa chache, na vita vya Somalia vilikuwa vimewasukuma watu na biashara zao hadi kwetu. Uliingia kibandani, ukataja ukoo wako, na mtu wa upande wa pili akajua wewe ni wa nani. Dhamana ilikuwa hiyo. Ulichoagiza kilisikika sokoni kote, maana ilibidi upige kelele. Mzigo ulifika kwa lori kupitia Diff mpakani au kambi ya Hagadera, bila muhuri wa forodha. Mama alinunua Nairobi, mzigo uliolipiwa ushuru bandarini. Vitambaa vyake vilifubaa rafuni.

Mwagizaji mkubwa kuliko wote alikuwa shangazi yangu, dada wa marehemu baba.

"Dumashi," alimwita mama, yaani wifi, "watu wanaangalia kwako, wananunua kwangu. Nikulipe mshahara?"

"Anza kwa kuilipa serikali," mama alijibu, na wanawake waliokuwa dukani wakacheka.

Usiku hakucheka. Duka lile ndilo lililotulisha tangu baba afariki, na rafu zilikuwa zikipungua bila kujazwa tena.

Ndipo akanichukua twende ofisi ya forodha. Nilikuwa nimemaliza shule, na Kiswahili chake hakikuvuka salamu na bei. "Waambie, hooyo," alisema. Akina mama wa kwetu humwita mtoto kwa jina lile lile analowaita: mama. Nikawaambia: sisi tunalipa ushuru, wengine hawalipi, hatuwezi kushindana. Kagueni maduka yote, bila kubagua. Afisa mnene mwenye sauti ya upole aliitika kwa kichwa. Nje, mama alinunua maziwa ya ngamia, tukanywa tumesimama.

Siku nyingi zilipita. Asubuhi moja mtu wa Hagadera aliita kwenye taar kwamba magari ya forodha yameonekana yakielekea mjini. Muda si mrefu mkokoteni wa punda ukasimama mlangoni petu. Shangazi alishuka akitweta.

"Dumashi, nimekuletea amana."

Yalikuwa marobota mawili, yamefungwa kwa kamba ya katani. Mama aliyatazama. Nilijua alichokijua: shangazi alileta kwetu kwa sababu sisi tulikuwa na stakabadhi za ushuru, na nani angemshuku mwenye stakabadhi? Nilijua pia kwamba mama asingekataa. Kwetu amana ikishatajwa kizingitini imeshaingia ndani. Haifunguliwi, haiulizwi imetoka wapi, na aliyeipokea ndiye anayeijibia.

"Weka nyuma ya pazia," mama alisema. Sauti yake haikuwa na kitu ndani.

Forodha walikagua duka baada ya duka. Dukani kwa shangazi walikuta mikeka na buni tu. Kwetu niliwaonyesha stakabadhi, na yule afisa mnene akazisoma zote kwa heshima. Kisha akafungua pazia.

"Mama," alisema, "si wewe uliyekuja ofisini?"

Nilitafsiri.

"Ulituambia tusibague."

Nilitafsiri hilo pia.

"Muulize mzigo ni wa nani. Akimtaja mwenye mzigo, duka lenu halina neno."

Nilimgeukia. Shangazi alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, ncha ya shungi ikiwa imebanwa kati ya meno. Mama hakunisubiri nifungue mdomo. Alimtazama afisa na kusema kwa Kiswahili, polepole:

"Hii yote ni yangu."

Walikata kamba wakakagua, wakabeba marobota, wakabeba na vitambaa vya rafuni, vile vilivyolipiwa, kwa kuwa sasa hakuna aliyeamini stakabadhi zetu. Walifunga mlango kwa kufuli lao. Mimi nilimtazama punda akila boksi.

Jioni shangazi alikuja na birika la chai. Mama alimkabidhi kile kipande cha kamba.

"Amana yako. Imebaki hii."

Shangazi aliikunja kamba mapajani, akaikunjua. "Njoo kesho kwenye taar," alisema hatimaye. "Taja ukoo wa mume wako. Watakupa mzigo kwa mkopo."

Duka halikufunguliwa tena. Mama alikwenda kibandani kesho yake, nami nikaenda naye, ingawa huko walizungumza Kisomali na hakuhitaji mkalimani. Alishika kipaza sauti kwa mikono miwili na kutaja ukoo wa baba. Sauti ya upande wa pili, ikikwaruza, iliuliza anataka kitambaa cha namna gani. Vidole vya mama vilisuguana hewani.

"Chepesi," alipaza sauti, na soko zima likasikia. "Kinachong'aa kidogo ukikiweka juani."