Safu Niliyoambiwa Niifute

Jumanne moja ya Januari 1964, siku ya tatu ya mapinduzi, tulimpoteza Seif, golikipa wetu. Alikuwa na miaka ishirini na mbili. Kaburi lake hatulijui.

Jumamosi iliyotangulia ilikuwa siku kama siku zote. Ramadhani ilikaribia, na watu walikuwa wameshaanza kununua tambi na sukari. Jioni tulicheza Mnazi Mmoja tukafungwa mbili kwa moja. Bao la pili lilimpita Seif katikati ya miguu, na njia nzima ya kurudi Mkunazini tulimwambia siku nyingine adake amevaa kanzu, mpira usipate pa kupita. Alijibu kwamba sisi washambuliaji tuvae buibui, kwani golini hatuonekani hata hivyo.

Rais wa klabu, Bwana Elia, hakuja uwanjani. Alikuwa Myahudi, fundi saa, aliyeletwa na baba yake kutoka Aden akiwa mtoto, na Jumamosi hakushika kalamu wala kifaa cha kazi mpaka jua lizame. Alipochaguliwa, wako waliouliza Myahudi na mpira wapi na wapi. Baada ya mwaka mmoja hawakuuliza tena. Klabu yetu ilikuwa na watu wa kila asili, naye alikataa kabisa kitabu cha wanachama kiwe na safu ya kabila. Alisema anachotaka kujua ni jina la mtu na nafasi anayocheza, basi.

Kwa kuwa mechi zilikuwa Jumamosi, kitabu nilikishika mimi, karani wake. Nilisoma mpaka darasa la nane na nilikuwa na mwandiko mzuri. Nilijivunia mwandiko wangu kuliko mpira wangu.

Miezi michache kabla, winga wetu mmoja alikufa kwa homa. Klabu ilikuwa pia ya kuzikana. Tulimwosha, tukamvika sanda, tukabeba jeneza, tukafika njia panda hatujui tumpeleke msikiti gani. Wa mbele walishika kushoto, wa nyuma kulia. Mjomba wake alipokuja alitukuta tunabishana, maiti iko mabegani. Aibu ile haikunitoka. Nikapiga mstari kitabuni, nikaongeza safu ya tatu: msikiti wa kusaliwa. Nikamuuliza kila mtu, nikaandika.

Bwana Elia alipoiona aliniambia niifute. Nikamweleza habari ya jeneza. Alisema ameelewa, lakini hatujui kitabu hiki kitasomwa na nani.

Wino ulikuwa umeshakauka. Kufuta ilikuwa ni kuchana kurasa na kuandika upya yote, na kurasa zile zilikuwa nzuri. Niliahirisha. Jumamosi ile, baada ya magharibi, nilimpelekea matokeo nyumbani. Aliguna kwa hilo bao la pili, kisha akauliza:

"Ile safu umeifuta?"

"Nshaifuta," nikasema.

Sikuwa nimeifuta.

Kabla ya alfajiri tulisikia bunduki upande wa Ng'ambo. Siku mbili hatukutoka. Jumanne tulikuwa tisa katika chumba cha klabu, tuliokimbia mitaa yetu. Bwana Elia alituletea mkate na maji. Seif alikuwa nasi. Mama yake alikuwa mtu wa Makunduchi, na kwa sura usingeweza kumtenga na mimi. Alikuja pekupeku, nikampa ndara zangu.

Adhuhuri waliingia watu sita. Wawili walikuwa na bunduki, waliobaki mapanga.

Hawakupiga kelele. Mkubwa wao alikiona kitabu mezani, akakifungua.

Akaanza kusoma majina. Kabla ya kila mechi mimi huyasoma vivyo hivyo, na kila mtu huitika. Tuliitika.

"Seif Nassor."

"Naam."

Kidole chake kilikwenda mpaka safu ya tatu, kikasimama. Waliosali msikiti ulioandikwa pale, wengi wao asili yao ilikuwa Omani. Kila mtu mjini alilijua hilo.

Aliuliza nani ameandika haya.

Niliangalia miguu yangu.

"Kitabu ni changu," alisema Bwana Elia. "Mimi ndiye rais."

Waliwachukua wote wawili. Seif aliondoka na ndara zangu.

Bwana Elia alirudi baada ya siku kumi na moja. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikukunjika tena. Seif hakurudi.

Mjini ilienea kwamba Myahudi ndiye aliyemwandika Seif. Bwana Elia alikwenda kutoa mkono wa pole kwa Bi Zuwena, dada mkubwa wa Seif, na hakufunguliwa mlango. Akaenda tena wiki ya pili, ikawa vile vile. Hakunitaja kwa mtu, wala mimi hakuniuliza kitu. Nami sikusema. Mwanzo niliogopa bunduki. Baadaye bunduki ziliondoka njiani, nikamwogopa Bi Zuwena.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini Bwana Elia alifunga duka lake la saa. Saa ndogo za kike alikuwa hawezi tena kuzifungua. Siku aliyohama nchi alinikabidhi kitabu, kimefungwa kwa gazeti.

"Sasa usiifute," alisema.

Hatukuonana tena. Kitabu nilikitia chini ya sanduku la nguo, kikakaa humo miaka yote.

Mwaka juzi walikuja vijana wa klabu na kamera. Walitaka kutengeneza filamu ya rais wao wa zamani, kwa nguvu zao wenyewe. Aliyeshika kamera alikuwa Raya, mjukuu wa Bi Zuwena. Aliniamkia, akakaa juu ya mkeka.

"Wenzangu wanataka kumsifu, babu," alisema. "Bibi ananambia nisithubutu. Mimi nataka kujua tu."

Nikaenda kutoa kitabu. Alikipiga picha ukurasa kwa ukurasa, akafika kwa Seif. Mkono wake ulitulia hapo. Nilimwambia mwandiko ule ni wangu. Hakuzima kamera, na nikamweleza kama nilivyoeleza hapa, pamoja na ule uongo wa Jumamosi.

Filamu ilionyeshwa alasiri, katika ukumbi wa skuli, madirisha yamezibwa kwa mashuka. Bi Zuwena alikaa mbele kabisa. Nilipotokea ukutani hakugeuka. Ilipokwisha, watu wakaanza kupiga makofi, yeye akanyanyua mkono.

"Mrudisheni yule Myahudi," alisema.

Wakairudisha picha yake. Amesimama pembeni ya timu, mkono begani kwa Seif. Bi Zuwena aliinuka, Raya akamshika, wakaenda mpaka karibu na ukuta. Alisimama hapo muda mrefu. Hakuna aliyewasha taa.

Kisha alirudi kwa njia ya katikati, penye kiti changu. Nikasimama.

"Shikamoo, Bi Zuwena," nikasema.

Hakuitikia. Raya alimshika mkono kushuka ngazi, wakatoka.