Siku Niliyogawa Mbuzi za Haji Guyo

Aibu hii naisema mwenyewe, maana nikinyamaza mtaisikia kwa watu wa mtaa wa Bulla Pesa, na wale huongeza chumvi. Nilikuwa nimepata kibarua cha utafiti, kuzunguka mlango kwa mlango nikiuliza watu kama wanakubali serikali iwatoze matajiri kodi zaidi ili wasio nacho wasaidiwe, na kwenye mafunzo tulionywa tusome swali vile limeandikwa, tusiongeze hata neno (mimi niliona hiyo ni sheria ya watu wasiojua watu).

Nikamsomea Mama Halima, muuza maziwa ya ngamia. "Sijashika," akasema. Nikarudia, bado. Ndipo nikajitia ujuzi.

"Mama, chukua mfano wa jirani yako Haji Guyo. Yeye ako na mbuzi wengi, wewe huna hata mmoja. Serikali ikichukua wachache wake ikupatie, utakubali?"

"Hapo nakubali kabisa," akasema, kwa sauti iliyofika mpaka kwa jirani.

Nikafurahi na mfano wangu, nikauingiza kila nyumba, na kila nyumba wakakubali, nami nikidhani nakusanya maoni kumbe natangaza habari. Kufika mchana, wamama walikuwa wamejaa nje ya boma la Haji, wengine na kamba mkononi, na mmoja akanivuta kando aniulize kama inaruhusiwa kuchagua jike.

Haji mwenyewe akaja polepole kutoka msikitini (na wanaume wote nyuma yake, kwa bahati yangu mbaya).

"Salaam aleikum, binti yangu. Nasikia umegawa mbuzi zangu."

Nikaeleza kwamba ni swali tu, ni mfano, hakuna mbuzi anayeenda popote. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa. Na kwenu mko na mbuzi?"

"Tuko nazo kidogo, ziko na mama huko Kulamawe."

"Hawa wamama wengine hawana hata mmoja. Basi tuanze na hizo zenu. Unakubali?"

"Hizo ni za mama," nikasema, mdomo ukitangulia akili.

Kicheko kilichotoka hapo sijawahi kukisikia tena. Haji peke yake hakucheka. "Andika basi," akaniambia, "huyu amekataa."

Habari ilipofika ofisini, majibu yangu yote yalifutwa na kibarua kikaisha hivyo. Nilichojifunza ni kwamba kodi ya matajiri kila mtu anaitaka, mradi tajiri awe jirani. Siku hizi nauza mitumba, na mteja akija simuulizi maoni yake juu ya chochote. Namuuliza saizi tu.