Picha za Kila Miezi Mitatu

Mtaa wa Makorora, Tanga, ulimjua Zuleha, mpakaji hina, kwa jambo moja: hakuvunja miadi. Bibi harusi akiambiwa saa nne, basi saa nne Zuleha yu mlangoni na kibakuli chake.

Bintiye, Samiha, alizaliwa na macho meusi matupu, yasiyo na ule mviringo wa rangi uizungukao mboni. Jua lilimwumiza, akawa hukunja uso kama mzee. Alipotimiza miezi minane, daktari mgeni wa macho alipeleka damu yake Dar es Salaam. Majibu yaliporudi, akamweleza mama upesi upesi, foleni ikiwa ndefu: mtoto amepungukiwa kipande cha urithi wa mwilini tangu tumboni.

"Basi apigwe picha kila miezi mitatu. Usikose hata moja."

Akajaza kadi kwa Kiingereza, akaenda zake, asirudi tena Tanga.

Zuleha hakukosa. Kila miezi mitatu alimwogesha Samiha, akamvika gauni la Idi, wakashika njia ya Chumbageni, kwenye studio ya Mustansir, aliyoachiwa na babaye.

"Mama Samiha, huyu binti ana picha kuliko rais!" alitania Mustansir.

"Amri ya daktari, bwana wee. Piga, macho yaonekane."

Picha akazitunza, akimngojea daktari.

Samiha alipokuwa na miaka minne na nusu, tumbo lilimvimba upande mmoja. Majirani wakasema bandama. Hospitalini, Eliudi, mtu wa altrasaundi, alipitisha kifaa tumboni mwa mtoto, mkono ukasimama. Akaichukua kadi, akaisoma mara mbili.

"Mama, hapa pameandikwa figo zipigwe picha kila miezi mitatu. Watoto wenye upungufu huu huota uvimbe wa figo. Ukionwa ungali mdogo, hutibika. Huu umeshakuwa mkubwa mno. Mbona hamkuja kupiga picha?"

"Hatukupiga?" Zuleha alifungua pochi, akatoa bahasha. "Hizi hapa, baba. Kumi na tano. Hakuna iliyokosekana."

Eliudi alizipitia moja moja, gauni baada ya gauni, kisha akaelekeza kidole kwenye kioo cha mashine.

"Picha yenyewe ni hii, mama. Ya ndani."

"Na nyie mnaiita picha?"

"Ndivyo tunavyosema." Akainamisha kichwa. "Tuseme ni kudra."

"Usimsingizie Mungu! Mungu kamtia mwanangu alama usoni, mchana kweupe, ili mjue. Nyie ndio mliokosa neno."

Dar es Salaam figo ilitolewa, lakini uvimbe ulikuwa umekwisha kufika mapafuni. Samiha alifariki kabla ya mwaka kwisha.

Siku ya matanga, jirani mmoja alimnong'oneza mwenzake jikoni, "Masikini, mtoto alitakiwa hospitali, mamaye akampeleka studio."

Zuleha alikuwa nyuma yao na sinia la chai. Katika maneno yale halikuwamo hata moja la uongo. Akawamiminia chai.